Kumwongoza Mwanafunzi wa Kigoma Kuomba Shahada ya Sheria

Mshauri anayesubiri matokeo ya kidato cha sita ya Julai ndipo aanze kazi, amechelewa. Wengi wanaokosa nafasi huku Kigoma huangushwa na jina, namba ya simu au tarehe, ilhali alama zao zilitosha.

Kwanza hesabu. Kigezo cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ni prinsipo mbili (masomo mawili yaliyofauliwa kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4. A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S haihesabiki. Kosa linalojirudia ni kujumlisha masomo yote matatu ya tahasusi. Mwenye D, E na E kwenye HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) anaona 4, kumbe masomo yake mawili bora yanampa 3 tu, hana sifa. (Waliomaliza 2014 na 2015 wana mizani yao, usiwapimie hii.) Halafu fungua mwongozo wa udahili wa mwaka huohuo, siyo wa mwaka jana, usome masomo yanayokubalika katika kila chuo na kama kuna sharti la ziada la Kiingereza.

Pointi 4 ni ruhusa ya kuomba tu. Mwenye pointi chache akijaza vyuo vinavyogombaniwa peke yake, awamu ya kwanza itampita. Changanya: UDSM au Mzumbe kimoja, kisha vingine kama SAUT Mwanza au RUCU Iringa. Maombi huenda moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo, na kila chuo kina ada yake ya maombi, kwa hiyo vitatu vilivyochaguliwa kwa akili vinatosha. Aliyepungukiwa apitie stashahada ya sheria, kwa mfano Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, na alenge GPA (wastani wa alama) ya 3.0 kwenda juu. Kwa maoni yetu hiyo ni njia salama kuliko kurudia mtihani.

Majina yakaguliwe mapema, Mei isipite. Jina la ukoo la Kiha huandikwa kwa R kwenye cheti cha kuzaliwa na kwa L kwenye cheti cha kidato cha nne, na herufi hiyo moja hukwamisha mkopo. Linganisha vyeti vyote, na panapotofautiana shughulikia kiapo au hati ya kubadili jina kabla dirisha halijafunguliwa. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, maana Bodi ya Mikopo hukidai. Aliyesoma Burundi au Kongo aanzie Baraza la Mitihani (NECTA) kupata ulinganifu wa cheti. Bila huo mfumo wa chuo hautamtambua.

Simu ndiyo mtego wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambako wahitimu wa kidato cha sita huitwa. Kijana akiwa kambini Mtabila au kwingineko, simu haiko mkononi mwake, na aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa msimbo unaotumwa kwa ujumbe mfupi. Jaza namba ya mzazi au mlezi anayejua kusoma ujumbe na ambaye mtandao unamfikia. Nywila za akaunti ziandikwe kwenye karatasi, nakala moja ibaki nyumbani. Namba ya stesheneri ya mjini isitumike kamwe.

Mzazi aambiwe waziwazi kwamba shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Baada yake kuna mafunzo ya mwaka mmoja ya Shule ya Sheria, Dar es Salaam, na mitihani yake si lelemama: katika matokeo yaliyozua mjadala 2022, kati ya wanafunzi 633 walifaulu 26 tu kwa mkupuo mmoja. Gharama za mwaka huo ziingie kwenye mipango ya familia tangu sasa.

Aliyekosa awamu ya kwanza asitume tena maombi yaleyale. Angalia vyuo vilivyotangaza kuwa sheria bado ina nafasi, badilisha chaguo, na utume siku za mwanzo za awamu ya pili, kabla mifumo haijaelemewa.