Kugombea bodi ya shule Minnesota: fomu ni dakika kumi, harambee ndiyo itakutoa jasho

Ada ya kugombea kiti cha bodi ya shule hapa Minnesota ni dola 2. Ndiyo, mbili. Nilimpa karani noti ya ishirini akanitazama vile makanga anavyomtazama abiria wa asubuhi mwenye noti ya elfu. Hana chenji, na kadi hapokei. Nikarudi garini kufukua sarafu pale tunapowekea vikombe vya chai.

Niligombea 2025 katika wilaya moja ya shule kwenye vitongoji vya Minneapolis. Tangu hapo nimepigiwa simu na Wakenya, Wakongo na Watanzania wanaotaka kujaribu, na maswali ni yale yale, kwa hiyo nayaandika mara moja.

Sifa ni chache. Uwe raia wa Marekani mwenye haki ya kupiga kura, uwe umetimiza miaka 21 siku ya kuingia ofisini, na uwe umeishi ndani ya wilaya kwa siku 30 kabla ya uchaguzi. Hakuna chama, hakuna cheti cha shule. Mwenye Green Card, yaani mkaazi wa kudumu ambaye bado si raia, hawezi kugombea wala kupiga kura, na asijiandikishe kama mpiga kura hata akishawishiwa na kijana mwenye fomu nje ya duka. Kosa hilo linaweza kumfukuzisha nchini.

Hakikisha kwanza uko wilaya gani, maana wilaya ya shule si mji. Brooklyn Park peke yake imegawanywa kati ya wilaya za Osseo, Anoka-Hennepin na Robbinsdale. Wewe na jirani yako mnaweza kuwa mnalipa maji kwa mji mmoja huku watoto wenu wako chini ya bodi mbili. Tena Anoka-Hennepin huchagua wajumbe kwa kanda, wakati kwingine wilaya nzima humchagua kila mjumbe. Weka anwani yako kwenye tovuti ya Katibu wa Jimbo uone. Usiangalie rangi ya basi la shule. Yote ni ya njano.

Fomu yenyewe ni hati ya kiapo ya mgombea, ukurasa mmoja tu. Hapa nilikosea mara mbili. Kwanza nilitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee nikaenda moja kwa moja ofisi za kaunti, nikapanga foleni nyuma ya watu wa leseni za magari, nikafika dirishani na kuambiwa kwa upole mkubwa kwamba bodi ya shule hupokelewa ofisi kuu ya wilaya ya shule. Pili, nilikuwa nimeshaisaini nyumbani, mezani, kwa kalamu nzuri. Hati ya kiapo husainiwa mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha, kama kwa kamishna wa viapo kule nyumbani. Karani akaisukuma kando, akanipa nyingine, akaniangalia nikiandika kila herufi. Nenda na fomu bila saini na ada kamili mkononi.

Jina unaloandika ndilo litakalochapishwa kwenye karatasi ya kura, nalo liwe lile unalojulikana nalo. Mimi nina matatu, na kazini wananiita kwa la nne. Amua kabla hujafika dirishani.

Dirisha la kuwasilisha ni fupi. Kwa wilaya zisizo na kura ya mchujo ni wiki mbili: mwaka 2025 ilikuwa Julai 29 hadi Agosti 12, kwa uchaguzi wa Novemba 4. Mwaka 2026 ni Julai 28 hadi Agosti 11, uchaguzi Novemba 3. Wilaya yenye mchujo hupokea fomu mapema zaidi, kuanzia Mei, kwa hiyo piga simu uulize mapema. Wengine huchagua miaka ya witiri tu, wengine ya shufwa. Siku ya mwisho mlango hufungwa saa kumi na moja jioni, nao hawajui habari ya "niko njiani".

Sasa pesa. Hapa ndipo nilipopoteza wiki tatu na usingizi.

Jioni ile ile niliyowasilisha fomu, binamu yangu alifungua kikundi cha WhatsApp, akabandika picha yangu nimevaa suti ya harusi, akaandika "Tumshike mkono mtu wetu". Kabla sijamaliza kula, orodha ilikuwa imefika namba 31. Mama Brayo 50. Baba Shiku 100. Kasisi 40. "Msamaria" 20. Zelle, Cash App, na mmoja alituma Western Union kutoka Nairobi. Nilijiona nimeshashinda.

Mweka hazina wangu ni dada mmoja mhasibu. Alisoma orodha mara moja, akaniuliza, "Kati ya hawa, nani ana karatasi gani?"

Sheria ya shirikisho inakataza mtu asiye raia wala mwenye Green Card kuchangia uchaguzi wowote wa Marekani, hata wa bodi ya shule. Si swali la kuwa nchini kihalali au la. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo hawezi. Aliyeomba hifadhi na ana kibali cha kazi hawezi. Mjomba aliyeko Eldoret hawezi hata kama ana pesa za kukununulia wilaya nzima. Na huwezi kupitisha pesa yake kwa binamu aliye raia ili iingie kwa jina la binamu. Hapo unaongeza kosa juu ya kosa. Watu hao wanaruhusiwa kujitolea bila malipo, kubisha milango na kupika, ila wasikae kwenye kikao kinachoamua pesa zitumikeje. Kwa hiyo usimpe uweka hazina mpwa wako mwanafunzi kwa sababu tu anajua kompyuta.

Wazia sasa kumpigia simu mtu aliyekuchangia kwa moyo wake na kumuuliza hali yake ya uhamiaji. Watu kumi na mmoja. Wawili walikasirika, mmoja mpaka leo hajibu salamu kanisani. Tulirudisha dola 410, na gharama ya kurudisha zile za Nairobi nililipa mimi mwenyewe.

Shangazi yangu wa Nakuru alidhani ameona mlango wa nyuma. Alinipigia usiku wa manane kwao: "Mwanangu, mwezi huu usitume karo ya Kevo. Nitailipa mimi, hiyo yako weka kwa kampeni." Nikampelekea mhasibu hoja hiyo kwa furaha.

"Hiyo ni pesa yako au ya shangazi?"

"Ni yangu, lakini..."

"Lakini nini? Tuma karo."

Nilituma karo.

Kuna mtego wa pili ambao jamii yetu iko karibu nao sana: kampuni. Minnesota hairuhusu kampuni kumchangia mgombea, na LLC ya biashara, ile kampuni ndogo yenye dhima yenye kikomo, nayo inahesabiwa kampuni. Nusu ya marafiki zangu wana LLC za kuhudumia wazee majumbani, na hundi hutoka akaunti ya kampuni bila mtu kufikiri. Rudisha, mwombe aandike ya kwake binafsi. Kikomo kwa mtu mmoja katika mwaka wa uchaguzi ni dola 600, au 1,000 kama eneo lina wakazi zaidi ya 100,000.

Ukishapokea au kutumia zaidi ya dola 750 katika mwaka, una siku 14 za kuwasilisha ripoti ya fedha kwa wilaya, na nyingine siku 10 kabla ya uchaguzi. Aliyetoa zaidi ya dola 100 huandikwa jina, anwani na kazi au mwajiri. Sasa kaa chini utafute Baba Shiku ni nani kwenye kitambulisho. Kama ningeanza upya, ujumbe wa kwanza kwenye kikundi ungekuwa: raia na wenye Green Card pekee, jina kamili, anwani, kazi, akaunti binafsi, njia moja tu ya kutuma. Picha ya suti ingefuata baadaye.

Mabango ya uani. Kila bango na kipeperushi lazima kiwe na maneno yanayotaja nani ametayarisha na kulipia, pamoja na mawasiliano yake. Mchapishaji hatakukumbusha, atakuuliza tu unataka bluu gani. Mimi nilibandika stika 150 kwa mkono, sebuleni, na watoto. Jambo jingine: ile sheria ya jimbo inayoruhusu mabango ya ukubwa na idadi yoyote wakati wa uchaguzi huwa na nguvu mwaka wa uchaguzi mkuu wa jimbo, yaani miaka ya shufwa. Ukigombea mwaka wa witiri, kama mimi, unafuata kanuni za mji wako, kwa hiyo uzisome kabla ya kuagiza. Na usisimamishe chochote kwenye hifadhi ya barabara kuu, wataling'oa.

Kuhusu kura zenyewe, waeleze watu wako mambo mawili. Kura ya mapema huanza siku 46 kabla, na asiyejiandikisha anaweza kujiandikisha siku hiyo hiyo kituoni akiwa na uthibitisho wa makazi. Pili, viti vikiwa vitatu karatasi husema chagua hadi watatu. "Hadi" maana yake hulazimiki kujaza. Anayekutaka wewe akiongeza wawili asiowajua, huenda mmoja wao ndiye atakayekupita.

Mimi nilikuwa wa nne. Viti vilikuwa vitatu.

Na bado hujamaliza. Ndani ya siku 7 baada ya uchaguzi kila mgombea, mshindi na mshindwa, huwasilisha hati ya kuthibitisha kwamba ripoti zote za fedha zimeletwa, au kwamba hakuvuka dola 750. Mimi nilikumbushwa na mhasibu siku ya tano, nikaisaini saa tisa usiku wakati wa mapumziko ya zamu na kuipeleka asubuhi nikiwa bado na sare ya kazi. Karani alikuwa yule yule. Akaniuliza kama safari hii nimekuja na chenji, kisha akaniambia hiyo haina ada.