Kupima kutegeana kwa mfuko wa machungwa

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huogopa somo la saikolojia ya jamii kwa sababu ya istilahi zake. Mimi huwaanzisha na neno wanalolijua tangu nyumbani: kutegeana. Mtoto analia uani, wapangaji sita wanamsikia, na kila mmoja anadhani mwenzake ameshatoka.

Wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walilipima jambo hilo New York, wakachapisha matokeo mwaka 1968. Kila mshiriki alikaa chumba chake akizungumza na wenzake kwa maikrofoni. Ghafla mmoja akasikika kama ameshikwa na kifafa. Sauti ile ilikuwa imerekodiwa. Kati ya walioamini wanamsikia wao tu, asilimia 85 walitoka kutoa taarifa kabla sauti haijakatika. Walioamini yupo msikilizaji mwingine mmoja, 62. Walioamini wapo wengine wanne, 31.

Kifafa cha kuigiza usikipeleke barabarani, utawatia watu hofu bure. Chukua mfuko wa machungwa utakaopasuka kama bahati mbaya mbele ya mpita njia, marafiki wawili na daftari, na kwanza umwonyeshe mwalimu wako mpango wote akuruhusu.

Andika dhahania yako, yaani jibu unalolitarajia, kwa sentensi ambayo matokeo yanaweza kuikataa: mpita njia atasaidia mara chache zaidi akiona watu wawili wamesimama tu. Kigeu huru, yaani unachokibadilisha wewe, ni kuwepo kwa wale wawili. Kigeu tegemezi, yaani unachokipima, ni msaada.

Lakini msaada ni nini? Hapa tumia muda. Kuna atakayeinama akaokota matatu. Kuna atakayelisogeza moja kwa mguu lisikanyagwe. Na wengi watasema "pole" huku wanapita. Je, pole ni msaada? Kwetu ina uzito wake, siwezi kuidharau, kwa hiyo mimi huipa safu yake peke yake. Msaada nauandika hivi: ameokota angalau chungwa moja ndani ya sekunde 15. Amua kabla ya kutoka nyumbani, maana ukiamua ukiwa pale utaamua kwa kumpendelea aliyekuchekea.

Upendeleo huo ndio ulioniharibia jaribio langu la kwanza chuoni. Nilidondosha karatasi ngazini, nikiwachagua wa kuwadondoshea, na bila kujua niliwangoja wenye sura za upole. Data yote nikaitupa. Sasa nakata vikaratasi 20, kumi naandika "wapo", kumi "hawapo", navikunja, navitia mfukoni. Nachomoa kimoja, marafiki wanajipanga kama kilivyosema, kisha mfuko wa machungwa unapasuka mbele ya mtu wa tano atakayepita, awe nani. Kura ikipanga, sura ya mtu haina nafasi ya kuharibu hesabu.

Mara 20 ni za kujifunzia mkono tu, usitangaze umegundua kitu. Na kama ungekaa kibarazani ukahesabu bila kubadilisha chochote, ungeona mambo mawili yanaandamana, lakini usingejua lipi limeleta lipi.

Kila mara ukimaliza, mfuate mpita njia umweleze ukweli, umwombe ridhaa ya kumweka kwenye hesabu. Jina usiandike, picha usipige. Akikataa, futa mstari wake mbele ya macho yake. Akikubali au asikubali, chungwa moja mpe.