Wamekubishia hodi wanataka uhamie sola? Pima kwanza, jibu baadaye

Mama mdogo alinipigia simu baada ya magharibi. "Mwanangu, wamekuja vijana wawili, wana fulana za manjano na tableti. Wanasema niachane na ZECO nihamie kwao. Nimewaambia warudi Alkhamisi, mpaka nimuulize fundi wangu." Fundi mwenyewe ndiye mimi. Jumamosi asubuhi nikaenda Fuoni na begi la vifaa, nikidhani kazi itakuwa ya saa moja. Nilitoka magharibi. Nayaandika haya kwa sababu tangu siku hiyo jamaa wengine watatu wameniuliza suala hilo hilo.

Tuelewane kwanza. Zanzibar hatuhami umeme kama tunavyohama laini za simu. Umeme wa waya unauzwa na ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, peke yake. Kwa Unguja ZECO wanaununua kwa jumla kutoka TANESCO, shirika la umeme la bara, unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Wenzetu wa Pemba wao waya wao unatokea Tanga. Hivyo anayekwambia "hamia kwetu" hakuuzii umeme, anakuuzia mtambo. Ukishautundika juu ya paa, shirika la umeme la nyumba hiyo ni wewe, na likizimika saa nane ya usiku watakaokugongea kulalamika ni watoto wako.

Hatua ya 1: Usitie saini mlangoni

Wakaribishe, wape maji, chukua karatasi yao, piga picha kila ukurasa. Waulize kama wamepita kwa sheha. Wakisema bei ni ya leo tu, wasindikize.

Hatua ya 2: Jua wanakuuzia nini na wanakutisha kwa nini

Vijana wale walimkumbusha mama mdogo giza la 2009. Walimpata penyewe, maana hakuna mtu mzima wa Unguja aliyesahau. Umeme ulikatika Disemba 2009, ukarudi Machi 2010. Mwaka mmoja na nusu nyuma, Mei 2008, tulikuwa tumeshakaa mwezi mzima gizani. Watu walichota maji visimani, samaki waliuzwa kwa bei ya kutupa kabla hawajaoza, na majenereta yalinguruma mpaka alfajiri.

Lakini wasichokisema ni kwamba wakati ule tulitegemea waya uliolazwa baharini 1980, wenye uwezo wa megawati 45 tu. Mwaka 2013 ukaja mwengine wa megawati 100. Sisemi umeme haukatiki, unakatika, na wiki iliyopita mimi mwenyewe nilikula kwa tochi ya simu. Nasema tu kwamba kukatika kwa saa mbili na kukatika kwa miezi mitatu ni maradhi mawili, na dawa zake hazifanani. La saa mbili linataka betri ndogo na taa tatu. Usinunue dawa ya miezi mitatu kwa homa ya jioni moja.

Hatua ya 3: Pima unatumia yuniti ngapi kwa siku

Hapa ndipo palipokula siku yangu, basi nivumilie.

Ukimuuliza mtu anatumia umeme kiasi gani, anakujibu kwa pesa: "Natia elfu kumi, inakaa siku kadhaa." Hilo halisaidii. Sola haijui shilingi, inajua yuniti. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja: pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima, yuniti imekwenda. Na usigawe pesa ya risiti moja ukasema umepata jibu, kwa sababu ndani ya risiti huwa mna kodi, na mara nyengine deni linakatwa humo humo.

Nenda kwenye mita yako ya TUKUZA, ile ya kulipia kabla. Mita nyingi zina namba mbili zinazowachanganya watu. Moja ni salio, yuniti ulizobakisha, inashuka. Nyengine ni jumla ya yuniti zote zilizopita tangu mita ifungwe, inapanda tu. Andika hiyo inayopanda. Ukifuata salio, siku utakayoingiza tokeni hesabu yote inavurugika, na kila nyumba kuna mtu anayeingiza tokeni bila kusema. Andika saa ile ile kila siku kwa siku saba. Mimi napenda baada ya alfajiri, watu hawajaanza kupiga pasi. Tumia daftari na penseli. Programu za simu za kukadiria matumizi sizitaki kuziona, zimetengenezwa kwa nyumba za watu wengine.

Siku saba, si siku moja. Siku ya kufua na ya kupiga pasi sare za skuli si sawa na Jumapili. Kama unapima kipindi cha kipupwe, kumbuka kaskazi inakuja na feni italala macho na wewe. Mwezi wa Ramadhani usipime kabisa, mwezi ule nyumba haina usiku wala mchana.

Mama mdogo, kwa bahati, ana tabia ya kuandika namba za mita nyuma ya kalenda ya ukutani. Nikapata wiki nzima: yuniti 6.1 kwa siku. Nikaingia ndani kuorodhesha vitu. Friza la malai (barafu tamu anazouza), feni mbili, televisheni, taa sita, pampu ya maji, pasi. Nikapiga hesabu nikapata 4.3. Nikarudia, 4.3. Karibu yuniti mbili kwa siku hazina mwenyewe.

Nikazima kila kitu na kuchomoa kila plagi, hata chaja. Nikaenda kutazama kile kitaa chekundu cha mita. Kile hakikuwekwa kwa pambo. Pembeni yake pameandikwa, kwa mfano, 1000 imp/kWh, yaani kikipepesa mara 1,000 yuniti moja imekwisha. Hesabu sekunde kutoka pepeso moja mpaka jengine, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo, unapata wati zinazotumika dakika ile. (Kama mita yako imeandikwa 1600, gawa 2,250.) Nyumba imezimwa yote, na kitaa kinapepesa kila sekunde 15. Wati 240, zinakwenda wapi?

Nikasema mita mbovu. Nikafungua maboksi ya waya. Nikapanda darini, nikashuka na buibui kichwani. Nikamshuku jirani wa ukuta wa nyuma, Mungu anisamehe. Mama mdogo akaniletea chai mara mbili, ya tatu akaniuliza kama kweli kazi hii niliisomea. Miaka kumi na sita navuta waya kisiwa hiki, nimekaa juu ya ndoo nimekodolea macho kitaa.

Ikaadhiniwa alasiri. Kinyozi wa banda la barazani akatoka, akazima vitu vyake, akaenda msikitini. Kitaa kikaacha kupepesa.

Kumbe marehemu baba mdogo ndiye aliyempa waya, miaka mingi nyuma, "wa taa moja tu." Taa moja imezaa feni, televisheni ya mpira na kifriji cha soda. Na waya umeungwa kabla ya swichi kubwa ya nyumba, ndiyo maana kuzima swichi hakukuonesha kitu. Kwa hiyo kabla hujafanya hesabu yoyote ya sola, zima nyumba nzima na utazame kitaa. Kisipotulia, usitafute ubovu wa mita. Fuata waya unaotoka nje: banda, duka, kibanda cha mlinzi, chumba cha mpangaji.

Tahadhari moja ya mwisho kwenye hatua hii. Friza na friji usizipime kwa kitaa, maana zinajiwasha na kujizima, ukizikuta zimelala utafurahi bure. Tafuta kipimo kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, kiache siku nzima. La mama mdogo lilikula yuniti 1.7, na si kosa la friza: watoto wa skuli wanakuja kununua malai, kila mmoja anataka kuchagua mwenyewe, mlango uko wazi dakika mbili mbili.

Hatua ya 4: Toa vya moto

Pasi, birika la umeme, jiko la umeme, hita ya maji. Hivyo viachie ZECO. Usibishane na mimi.

Hatua ya 5: Linganisha mtambo wao na nyumba yako

Karatasi ya vijana ilisema paneli ya wati 200, betri ya volti 12 yenye Ah 50 (ampea-saa, ujazo wa betri), taa tano, televisheni na feni ya sola. Kwetu huku chukua saa tano za jua kamili kwa siku: 200 mara 5 ni wati-saa 1,000. Toa robo kwa joto la paneli, waya, vumbi na betri, zinabaki kama 750. Robo tatu ya yuniti. Masika, mawingu yakitanda siku tatu mfululizo, usitegemee hata hizo.

Betri nayo, 12 mara 50 ni wati-saa 600. Hapo uliza ni ya aina gani. Ikiwa ni ya risasi, ile nzito ya maji au jeli, tumia nusu tu, ukizidisha unaiua kabla ya mwaka wa pili. Ikiwa ni ya lithiamu, asilimia 80 bila wasiwasi. Mimi betri ya risasi sifungi tena nyumbani kwa mtu, hata akinibembeleza kwa bei. Nimeshabeba maiti nyingi za betri hizo.

Friza peke yake linataka wati-saa 1,700. Mtambo wote unatoa 750. Vijana walimwambia "na friji pia, bi mkubwa." Karatasi yao, kwa herufi ndogo chini, inasema friji inauzwa peke yake, haimo kwenye bei hiyo, na ni ya sola, si hilo lake. Hawakusema uongo, waliruka mstari tu.

Kuiendesha nyumba ile bila kinyozi na bila ZECO, yaani zile 4.3, pangehitajika paneli za wati 1,200 kwa uchache, betri ya lithiamu ya kama yuniti tano (volti 48, Ah 100) na inveta (kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) yenye wimbi safi inayostahamili kishindo cha friza na pampu zinapowaka. Pampu ya wati 750 ikianza inavuta mara kadhaa ya hapo, na inveta za bei rahisi hufia hapo hapo. Huo ni mtambo mwengine kabisa na ule wa kwenye tableti.

Hatua ya 6: Pesa

Walitaka kianzio cha 150,000, kisha 2,500 kila siku kwa miezi thelathini. "Elfu mbili na mia tano tu, bi mkubwa, bei ya vocha." Zidisha. Siku 912 mara 2,500 ni 2,280,000. Ongeza kianzio: 2,430,000.

Kisha chukua risiti yako ya TUKUZA uone 2,500 inakupa yuniti ngapi. Wao kwa pesa hiyo wanakupa robo tatu ya yuniti, na bado una friza la kulilisha kwa ZECO. Baada ya miezi thelathini mtambo ni wako, ni kweli, lakini uliza betri ina dhamana ya miaka mingapi. Ikiwa dhamana inakwisha kabla ya deni, umeshapata jibu.

Hatua ya 7: Mkataba

Usome kwa Kiswahili. Ukiwa kwa Kiingereza, waombe waufasiri na watie saini hiyo tafsiri. Tafuta mambo mawili: ukikosa kulipa mtambo unajifunga baada ya siku ngapi, na ukitaka kurudisha unapata nini. Karatasi aliyoletewa mama mdogo ilisema mtambo unajifunga siku ile ile, na kianzio hakirudi. Kitambulisho chako kipigwe picha ukishaamua, si kabla.

Hatua ya 8: Paa

Kama kuna mnazi unaotia kivuli saa sita mchana, anza upya. Kivuli cha kuti moja kinaweza kuangusha paneli nzima. Walio ufukweni, Jambiani au Makunduchi, dai fremu ya alumini na skrubu za chuma kisichoshika kutu, chumvi haina huruma. Inamisha paneli kidogo kuelekea kaskazini ili mvua iisafishe.

Mita ya ZECO usiirudishe, hata ukinunua mtambo mkubwa. Iache ukutani.

Mama mdogo amebaki alipo. Kwa pesa taslimu tulinunua paneli moja ya wati 100, betri ndogo ya lithiamu, taa tatu na feni ya volti 12 kwa chumba cha kulala. Kinyozi ameomba mita yake. Kwanza alinuna, akasema waya ni wasia wa marehemu, kisha mama mdogo akamsomea zile namba za nyuma ya kalenda.

Alkhamisi vijana walirudi. Aliwapa malai ya ubuyu, akawafungulia daftari. Mmoja aliisoma ile hesabu ya friza kimya, akarudi juu kuisoma tena, kisha akatoa simu akaipiga picha.