Mbele ya kutia makala kwa bibliografia, angalia kama haiyaondolewa

Bandugu wenye muko munaandika TFC ao memuari (travaye ya kumaliza masomo) hapa Bukavu, ile PDF ya makala ya kisayansi mulipewa na mukubwa wenu kwa klé USB ao kwa WhatsApp musiitumie hivi hivi. Makala ikiondolewa na wenye kuichapisha, maana wanasema haiaminike tena, kopi yenye iko kwenu haibadilike hata kidogo, inabaki safi vile vile, njo hatari yenyewe. Chukueni DOI yake, ile namba ya kutambulisha makala, yenye kuanza na 10., muiandike kwa intaneti mufike kwa ukurasa wa gazeti lenyewe la kisayansi: kama waliiondoa, mutaona RETRACTED (Kingereza, maana yake "imeondolewa") pale juu ya titre.

Na musiseme gazeti ni kubwa basi hakuna shida. Mwaka 2005 banafunzi ba MIT, Marekani, walitengeneza SCIgen, programu yenye kuandika makala yote peke yake, na grafiki na bibliografia ndani, sentensi zinatembea muzuri lakini maana hakuna. Kiisha, 2014, Springer na IEEE, wachapishaji wakubwa wa makala za kisayansi, wakaondoa makala zaidi ya 120 za namna hiyo, sababu Cyril Labbé, mutafiti wa kule Grenoble, Ufaransa, alizifichua. Zilikuwa zimeshachapishwa, watu wanalipa juu ya kuzisoma!

Kwa mwenye iko na ordinatere, tia Zotero, programu ya kupanga bibliografia, ni ya bure. Ukiingiza makala pamoja na DOI yake na uko na koneksio, ile yenye iliondolewa itakuletea alama nyekundu. Fanya ile mbele ya kupeleka travaye kwa direkteri, kwa sababu jury ikikukamata pale kwa defanse, kujitetea ni nguvu sana.