Kutafiti mhola: namna ya kujua Wasukuma huita nini maisha mema

Ukiingia kijiji cha Shinyanga au Meatu na dodoso linaloanza na swali "Maendeleo kwako ni nini?", utajibiwa barabara, zahanati, umeme na kisima. Hawakudanganyi. Wanakujibu kama wanavyojibu kwenye mkutano wa hadhara, maana wamezoea kwamba mgeni mwenye karatasi akitaja maendeleo, nyuma yake kuna mradi. Anayetaka kujua watu wenyewe hupimaje maisha mema aanzie kwenye maneno wanayoyatumia wakisalimiana, wakisuluhishana na wakimsengenya jirani.

Kisukuma kina neno mhola. Ni salamu ya kila siku: unaulizwa "Mhola?", nawe unajibu "Mhola duhu", yaani salama tu. Ndani yake mna amani, uzima wa mwili, na nyumba isiyo na ugomvi. Pembeni yake kuna sabo, mali. Kazi nzima inayoelezwa hapa inakaa katikati ya maneno hayo mawili: kaya ipi ina sabo lakini haina mhola, ipi ina mhola na sabo haina, na ardhi inaingiaje. Yahakiki maneno yote mawili kijijini kabla ya kuyaandika popote, kwa sababu usemi wa Dakama, kusini, haulingani kila mahali na wa Kiya, mashariki.

Ardhi haikwepeki kwa sababu ya ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi, nyasi za nje zinapokwisha. Mkoa wa Shinyanga ulikuwa umebaki mtupu: miti ilifyekwa kupambana na mbung'o, pamba ikachukua nafasi, kisha watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa na kuacha ngitili zao nyuma. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hadi 2004, na ngitili zikarudi katika vijiji zaidi ya 800, kwa makadirio ya hekta 300,000 na zaidi. Sehemu kubwa haikupandwa. Visiki na mizizi hai vilikuwa bado ardhini, vikaachwa vichipue. Mtafiti anayeuliza habari za mhola bila kuukanyaga uwanja huo atarudi na nusu ya habari.

Ruhusa

Mtafiti wa nje ya nchi huomba kibali COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mwanafunzi au mwalimu wa chuo cha Tanzania kwa kawaida hupewa barua na chuo chake. Barua hiyo huteremka ngazi kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya na halmashauri, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji, mwisho mwenyekiti wa kitongoji. Tenga wiki mbili kwa safari hii peke yake, na uwe na nakala kumi, maana kila ofisi itabaki na yake. Kama utagusa afya, kuna kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, nacho hakipatikani kwa wiki mbili.

Muhuri wa mtendaji haumaanishi kwamba wanakijiji wamekubali. Omba nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, useme unatafuta nini, utaondoka na nini na utarudisha nini, kisha uombe tena idhini ya kila mtu utakayeketi naye. Waone pia wazee wa dagashida, baraza la jadi linalotunga kanuni na kutoza faini anayeingiza ng'ombe kwenye ngitili iliyofungwa. Ukiwaruka, mlango utafunguliwa lakini mazungumzo hayatakuwa yale.

Suala la posho limalize siku hiyohiyo, mbele ya watu wote. Ukimpa mmoja shilingi elfu tano kwa siri, kesho watakuja ishirini, na majibu yatarefushwa ili yalingane na fedha. Kinachofaa ni kitu kimoja kwa wote, kwa mfano kilo ya sukari au mche wa sabuni, kinachotangazwa mapema na kutolewa hata kwa aliyekatiza mazungumzo njiani.

Wakati

Nenda mara mbili. Safari ya kwanza iwe Januari au Februari, ngitili imefungwa, akiba ya chakula inapungua na watu wako mashambani. Mazungumzo yawe ya jioni na mafupi. Ya pili iwe Agosti au Septemba, mavuno yamekwisha na ngitili inafunguliwa. Ukienda kiangazi tu, mhola utaelezwa na watu walioshiba. Ukienda masika tu, kila jibu litakuwa chakula.

Orodha huru

Anza na watu 25 hadi 30, mmoja mmoja: wanawake nusu au zaidi, vijana wasio na ng'ombe wawemo, na wake wa pili wasisahaulike. Mkalimani awe mzaliwa wa eneo hilo lakini si wa kitongoji hicho. Awe mwanamke kwa wanawake: mama hatasema mbele ya kijana wa jirani kwamba kaya yake haina mhola.

Swali ni moja, nalo liwe juu ya kaya, lisiwe juu ya "ustawi": "Ukipita nje ya kaya ya mtu, utajuaje humo mna mhola?" Andika kila kinachotajwa kwa mfuatano uleule na kwa Kisukuma kilekile. Usisaidie, usitoe mfano. Mtu akinyamaza, hesabu kimyakimya hadi kumi, kisha uliza mara moja tu, "Na kingine?" Kosa la kawaida kupita yote ni mkalimani kufupisha: mzee anasema sentensi nne juu ya ng'ombe wanaorudi jioni na watoto kuwapokea, kwenye daftari linaingia neno "mifugo". Rekodi sauti, kisha mtu wa pili aisikilize bila kuona daftari. Saa moja ya sauti ya Kisukuma hula siku nzima ya kuandika na kutafsiri. Panga bajeti hivyo.

Kisha pima uzito wa kila kitu. Chukua urefu wa orodha ya mtu, toa nafasi ya kitu hicho, ongeza moja, gawanya kwa urefu wa orodha. Jumlisha za watu wote, ugawe kwa idadi ya watu wote, pamoja na wale ambao hawakukitaja. Tuseme watu ni watatu. Mzee anataja ng'ombe, mvua, watoto, afya: ng'ombe wanapata 1, watoto 0.5. Mama anataja maji ya karibu, kuni, watoto, akiba ya mtama, afya: watoto wanapata 0.6. Kijana anataja pikipiki na shamba, basi. Watoto: 1.1 gawa kwa 3, yaani 0.37. Ng'ombe: 1 gawa kwa 3, yaani 0.33. Hakuna aliyewataja watoto kwanza, ila wamewapita ng'ombe waliotajwa kwanza na mzee. Hesabu hii inakuokoa usimsikilize mwenye sauti kubwa peke yake.

Fanya hesabu ya wanawake mbali na ya wanaume kabla ya kuchanganya. Kuni na maji ya karibu huweza kuzama kabisa ukichanganya mapema.

Kadi mara mbili

Hapa ndipo pa kutulia. Chukua orodha ya kaya kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kaya 60 hadi 100 zinatosha. Andika kila kaya kwenye kadi yake. Tafuta wapangaji wa kadi watatu wanaozijua kaya zote, kila mmoja peke yake, mahali pasipo na masikio. Mwombe agawe kadi katika mafungu kwa sabo, fungu la kwanza wenye nyingi, idadi ya mafungu aamue mwenyewe. Akimaliza, uliza kila fungu linatofautianaje na linalofuata, uandike. Usiulize idadi ya ng'ombe wa mtu. Hutaambiwa, na ng'ombe wengine wako kwa jirani aliyeazimwa.

Namba ya fungu igawe kwa idadi ya mafungu, uzidishe kwa 100. Kaya iliyo fungu la pili kati ya matano inapata 40. Kwa mpangaji mwingine ni la pili kati ya matatu, 67. Kwa wa tatu ni la pili kati ya manne, 50. Wastani ni 52. Namba ndogo, mali nyingi. Mpangaji akiachana mno na wenzake kwenye kaya nyingi, ongeza wa nne. Mara nyingi ni ukoo, au ugomvi wa mpaka.

Sasa changanya kadi, ngoja siku mbili, uwarudie walewale wapange upya, safari hii kwa mhola, fungu la kwanza wenye mhola zaidi. Siku mbili hizo si za kupumzika. Ukiunganisha siku moja, mkono unakumbuka mafungu ya kwanza na unayarudia.

Weka alama mbili za kila kaya kando kwa kando. Zinapolingana, hakuna jipya. Zitafute zilizoachana kwa 30 au zaidi, huko ndiko uendeko kuketi na watu. Kaya yenye sabo 20 na mhola 80 ina nini? Ng'ombe wanalala njaa Septemba kwa kukosa ngitili? Wake hawasemezani? Ile yenye sabo 85 na mhola 25 inategemea nini? Usiwaambie wameangukia fungu gani. Majina yabadilishe yawe namba siku hiyohiyo, na kadi zichomwe ukimaliza: kadi yenye jina la mtu kwenye fungu la "hawana amani" ikiokotwa dukani, umeleta ugomvi mpya kijijini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu pia.

Kuipima ngitili

Tembea mpaka wake na mwenyewe, simu ikirekodi njia, ili upate eneo. Chukua nukta kumi kwa umbali sawa, usichague penye kivuli. Kila nukta funga kamba ya mita 10 kwenye mambo, uzunguke nayo. Ndani ya duara hesabu mashina yenye unene wa sentimita 5 au zaidi kwa kimo cha mita 1.3, kisha visiki vipya, kisha visiki vinavyochipua. Wastani wa mashina zidisha kwa 31.8 upate idadi kwa hekta. Visiki vipya vingi pembeni mwa njia na vichache ndani ni kuni za nyumbani. Vingi ndani, vikubwa, ni mkaa wa kuuza, na hapo uliza nani anashika faini.

Mwongozaji akikuonyesha dawa au mahali pa matambiko, weka kalamu chini na uzime kipimo cha mahali kwenye simu. Ukihitaji kuandika, uliza tena jioni, baada ya yeye kuwauliza wenzake.

Mrejesho

Rudi kabla ya kuchapa chochote, na matokeo kwenye bango kitita, kwa Kisukuma, michoro ya mafungu bila majina. Anza na kikundi cha wanawake peke yao, kisha mkutano wa wote. Watakaposema "hapa umekosea", usijitetee. Andika aliyepinga ni wa kundi gani, mwanamke au mwanaume, mwenye ngitili au asiye nayo, kisha uyarudie matokeo ya kundi hilo peke yake usiku huo. Kesho yake bandika bango la pili ofisi ya kijiji, na nakala moja ibaki kwa mtendaji, nyingine kwa wazee wa dagashida.