Namna ya Kufuatilia Utumishi wa Daktari wa Keya na Dresa Wake, na Kuwakutanisha Waliobaki

Mtu anayetaka kujua babu yake alifanya nini katika Vita Kuu ya Pili akiwa dresa (msaidizi wa daktari, mfunga vidonda) au mbeba machela wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, na vikosi vya tiba vilivyofuatana nayo, hana budi kumtafuta kwanza daktari Mwingereza aliyekuwa mkuu wake. Daktari alikuwa afisa, na afisa huacha karatasi kwa jina lake: kamisheni yake ilitangazwa katika gazeti la serikali ya Uingereza, London Gazette, na ikiwa kabla ya vita alikuwa mtumishi wa idara ya afya ya Kenya, Uganda au Tanganyika, orodha za watumishi wa koloni nazo zinamtaja. Dresa, mara nyingi, alihesabiwa tu pamoja na wenzake.

Anza nyumbani, na usianze na jina. Unachohitaji ni nambari ya jeshi na kikosi, kwa kuwa majina yaliandikwa na makarani jinsi walivyoyasikia. Mimi nilipoteza miezi miwili nikimtafuta babu mzaa mama kwa tahajia nne tofauti, kumbe nambari yake ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe ndani ya kifuniko cha sanduku la mbao ambalo bibi alikuwa akihifadhia kanga zake. Tazama pia cheti cha kuachishwa jeshi, kitabu cha mshahara na nyuma ya kila picha.

Ukishajua kikosi, tafuta shajara zake za vita katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London. Shajara za vitengo vya tiba zimo katika kundi la WO 177, na za vikosi vilivyopigana Burma (Myanmar ya leo) zimo katika WO 172. Shajara ya hospitali ya jeshi iliandikwa chini ya mamlaka ya daktari mkuu wa kitengo, siku baada ya siku: kambi imehamia wapi, wagonjwa wangapi wamepokewa, barabara gani imekatika kwa mvua. Jina la dresa wako huenda lisionekane hata mara moja, lakini alipolala daktari ndipo naye alipolala.

Isome ukiwa na ramani pembeni. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka katika bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka 1944, mvua za monsuni zikiwa zimegeuza njia kuwa tope, ikauteka mji wa Kalewa tarehe 2 Desemba. Katika vita vya Burma maradhi yaliwatoa askari wengi zaidi mstari wa mbele kuliko risasi, malaria ikiongoza, na ndiyo maana kurasa nyingi utakazozisoma zinahusu homa, tifasi ya vichakani na vidonge vichungu vya mepakrini, dawa ya malaria.

Kwa aliyefariki vitani, orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola hupatikana mtandaoni bila malipo. Waliofia Burma bila kaburi linalojulikana wameandikwa katika mnara ulio ndani ya makaburi ya Taukkyan, karibu na Yangon. Familia za wapiga mizinga waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, ikitoka Mombasa kwenda Colombo pamoja na wauguzi wengi wa jeshi, zitazame mnara wa Afrika Mashariki uliopo Nairobi.

Karatasi zikipatikana, itisha mkutano. Nchini Kenya siku inayofaa ni Jumapili ya pili ya Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Tanzania ina Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Aliyeajiriwa akiwa na miaka kumi na minane mwaka 1944 alizaliwa mwaka 1926, kwa hiyo wengi watakaokuja watakuwa wajane, watoto na wajukuu. Akiwepo mzee mwenyewe, mpange karibu na choo na kivuli, ufupishe hotuba za wageni (wageni wa heshima huzidisha, tunawajua), na wala usimwekee kinasa sauti mbele kabla hajaamkiwa na kunywa chai yake taratibu. Usimuulize juu ya vita kwa jumla. Muulize alilala wapi, walimbeba majeruhi watu wangapi kwa machela moja, daktari alimwita kwa jina gani.

Kisha msomee ukurasa wa shajara, ukiutafsiri polepole. Akisema siku ile mambo hayakuwa hivyo, usibishane naye. Andika maelezo yake kando ya yale ya daktari, uweke tarehe na jina lake kamili kwa tahajia anayoitaka yeye.