Chai ya maziwa ya tangawizi na iliki, bila maziwa kukatika

Malalamiko juu ya chai ya maziwa huwa yale yale: maziwa yamekatika, chai inakakasa ulimi, au viungo havisikiki kabisa. Mara nyingi kosa si la majani. Ni la mpangilio: kipi kimetangulia sufuriani, na kimekaa motoni kwa muda gani.

Vipimo hivi ni vya vikombe vinne vya mililita 250:

maji mililita 650
maziwa ya ng'ombe mililita 500
majani ya chai vijiko 4 vya chai, vya kusawazisha
tangawizi mbichi gramu 20, kipande cha kama kidole gumba
iliki 6, karafuu 2, kijiti cha mdalasini cha sentimita 4
sukari vijiko 4 hadi 6 vya chai

Jumla inazidi lita moja kwa makusudi. Karibu mililita 150 zitapotea kwa mvuke na kwa kunyonywa na majani.

Kabla hujawasha jiko, yapime maziwa. Chemsha vijiko viwili kwenye kisufuria kidogo. Yakifanya chembechembe, yameanza kuchachuka na hakuna ufundi utakaoyaokoa, yagandishe mtindi. Ukitumia maziwa ya unga, koroga gramu 65 katika maji ya uvuguvugu mpaka yafike nusu lita, halafu ndiyo uyapeleke sufuriani. Unga ukimwagwa moja kwa moja kwenye chai inayochemka hufanya mabonge.

Hatua ya 1: ponda viungo. Kwangua ganda la tangawizi kwa ncha ya kijiko, kisha iponde kwenye kinu mpaka itoe majimaji. Vipande vya kukatwa kwa kisu havitoi ukali wake wote. Iliki ipondwe peke yake na iwekwe kando. Pasua moja uitazame: mbegu ziwe nyeusi na zinanata kidogo kwenye vidole. Zikiwa za kijivu na kavu, harufu imeshakwenda, hata ukitia kumi hutapata kitu. Karafuu ibonyeze kwa ukucha kichwani. Ikiacha mafuta, bado nzima.

Hatua ya 2: maji na viungo vigumu. Tia tangawizi, mdalasini na karafuu kwenye maji, funika nusu, chemsha kwa dakika 7. Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka, na ndipo maziwa yao yanapokatikia. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa. Kinafanya kazi kwa nguvu zaidi maziwa yakiwa moto lakini hayajachemka, kwenye nyuzi 60 hivi, na kuchemka kwenyewe ndiko kunakokiua. Kwa hiyo ukiweka maji, maziwa na tangawizi pamoja kisha ukapasha polepole kwenye jiko la mkaa, umekipa nafasi yote kinayoihitaji. Wapishi wa Guangdong kule Uchina hukitumia makusudi kugandisha maziwa kuwa kitindamlo. Kwenye chai hatukitaki, basi tukiue kwanza ndani ya maji.

Walioko Nairobi waongeze dakika mbili. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi na maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo viungo hutoa ladha taratibu kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Pwani nako kuna tatizo lake: maji ya kisima yenye chumvichumvi huifanya chai iwe na rangi iliyofifia na utando juu. Tumia ya mvua au ya kunywa ya dukani ukiweza.

Hatua ya 3: majani, dakika 3 tu. Majani mengi yanayouzwa madukani kwetu, yawe ya Kericho au ya Mufindi, yamesagwa na kuviringishwa kiwandani kuwa punje ndogo. Punje hizo hutoa rangi na nguvu haraka sana. Zikichemka dakika kumi hazizidishi ladha. Zinazidisha ule ukakasi unaofunga mdomo kama ndizi mbichi. Chai ikiwa nyepesi, dawa ni kijiko kimoja zaidi cha majani, si muda zaidi.

Hatua ya 4: maziwa, kisha iliki. Mimina maziwa, ikiwezekana yaliyokwisha kupashwa, ili chai isipoe ghafla. Sufuria isijae zaidi ya nusu. Yakianza kuumuka punguza moto, uchukue upawa: chota, inua, mimina tena, kwa dakika 3 au 4. Hapo utando hauundi juu, maziwa hayashiki chini, na chai hulainika kwa sababu protini za maziwa hushikana na kile kinachokakasa. Iliki itie sasa, si mapema. Harufu yake ni nyepesi na huruka na mvuke. Ukiichemsha tangu mwanzo, jiko litanukia vizuri kuliko kikombe.

Wapo wanaochemsha maji, maziwa na majani kwa pamoja, na kwa chai isiyo na tangawizi mbichi inakubali vizuri tu. Mimi bado naona yangu inatoka na rangi nzuri zaidi, kahawia yenye wekundu. Ikiwa ya kijivujivu, majani yamechakaa au maziwa yamezidi.

Hatua ya 5: tia sukari, koroga, zima moto, funika dakika 2, chuja. Usiyakamue majani kwenye chujio kwa kijiko. Matone yale ya mwisho ni machungu matupu. Nyumba yenye mtu asiyetumia sukari, kila mmoja aweke kikombeni mwake.

Chai ya kwenda kwenye chupa lazima ichujwe kabisa kwanza, maana tangawizi na majani yakibaki humo huendelea kutoa ukali. Suuza chupa kwa maji yanayochemka kabla ya kumimina, na usiiweke chai ya maziwa zaidi ya saa tatu. Chupa yenye harufu ya chai iliyolala iloweke kwa siki na maji ya moto nusu saa, na kizibo chake nacho, kwa sababu harufu nyingi hujificha kwenye mpira wa kizibo.